Msifagie, Nakuja na Kamera

Mliponiaga pale ukumbini, wadogo zangu wa kitengo, mlinipa blanketi zito ambalo kwa joto la Bariadi labda nitalitumia nikihamia Makete. Mkanisomea hotuba mbili ndefu, halafu mmoja wenu akanifuata pembeni na kuniomba niwaandikie siri ya kazi. Siri hiyo naitoa hapa hapa mwanzoni ili wavivu wasihangaike kusoma hadi mwisho: ukienda kumrekodi mtu, fika kabla hajafagia. Basi. Wale wanaotaka kujua niliipata wapi, vuteni kiti.

Habari za vyeo sitaziandika. Vyeo vyangu mnavijua, vilikuja kwa kuchechemea na vingine havikufika. Wala sitaeleza kila kamera niliyobeba, maana nimebeba nyingi, kuanzia ile iliyonilegeza bega la kulia hadi hizi zenu za siku hizi ambazo mtu anaweza kuzisahau mfukoni akazifua pamoja na suruali. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule wa kwanza. Miaka iliyofuata ilikuwa kurudia somo lile lile kwa vifaa vilivyozidi kupungua uzito.

Nilikuwa mwanafunzi wa darasa la sanaa katika chuo kidogo cha ufundi cha kanisa, nje kidogo ya mji wa Bariadi, tukiwa bado mkoa wa Shinyanga. Mambo yalikuwa yamefunguliwa, soko huria limeingia. Kwenye minada, pembeni ya ng'ombe, mitumba ilirundikwa hadi mtu akashindwa kuchagua. Mjini kila mwenye chumba kinachotazama barabara alifungua duka, na mwenye vyumba viwili alifungua duka na kibanda cha video. Pamba, ambayo tangu tuzaliwe ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, sasa ilikuwa na wanunuzi binafsi waliokuja na malori na mizani zao, wakihangaika kutafuta maghala.

Karakana yetu ilikuwa jengo refu la matofali ya kuchoma na paa la bati, ndani limegawanywa kwa kuta fupi za matete. Kila mwanafunzi alikuwa na sehemu yake, tuliyoiita kona. Kona ya Kabula, binti wa kijiji cha Shishiyu, ilikuwa ya udongo, na nyuma yake, nje, kulikuwa na tanuri la kuchomea vyungu. Kona ya Jilala, kijana mpole wa Kalemela ambaye kwao walichonga makasia, ilijaa magogo, vigoda na ngoma zisizowambwa bado. Kona ya Doto ilinuka rangi. Doto alichora mabango ya maduka, na kwa jinsi maduka yalivyokuwa yanaota, yeye peke yake kati yetu alijulikana mjini. Kona yangu mimi ilikuwa na meza na aibu. Sikujua kuchora. Nikichora ng'ombe, Doto alisimama nyuma yangu akauliza mbuzi huyo anaumwa nini.

Nilichojua ni kuona makosa ya wenzangu. Nilikuwa napita kona hadi kona nikisema mdomo wa chungu hiki umepinda, herufi ile imelala, mguu wa kigoda hiki ni mfupi. Walinichukia kidogo, lakini mara nyingi nilikuwa sahihi, jambo ambalo huongeza chuki. Mwalimu wetu, Luhende, alikuwa mtu wa maneno machache aliyetembea na bisibisi kwenye mfuko wa shati hata siku za ibada. Alinisikia nikikosoa mwaka mzima bila kusema kitu.

Siku moja Mkuu wa chuo alituita akatueleza kwamba mnunuzi mmoja wa pamba anataka kukodi karakana yetu iwe ghala. Useremala na ushonaji vingeendelea, vilikuwa na majengo yao. Sanaa, alisema Mkuu bila ubaya wowote, ingepumzishwa. Bodi ya chuo ingeamua Jumamosi ya wiki iliyokuwa inakuja. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Mzee Machibya wa Shishiyu, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wengi na sauti ya kutosha ng'ombe wote. Alishakuja kukagua karakana mara moja, akaizunguka mikono nyuma, akaondoka. Baadaye tukasikia amesema kwamba pale hakuna kazi, kuna mchezo, na kwamba mchezo hauhitaji bati.

Doto alisema yeye atachora hata barabarani. Jilala alisema magogo yapo kila mahali. Kabula alitoka nje akasimama karibu na tanuri. Nilimfuata.

"Kwetu hakuna atakayenikataza kufinyanga," aliniambia. "Ila hakuna atakayeniachia muda. Nikirudi, Minza, nimerudi. Ni kuchota maji, kupalilia, kupika, siku imeisha. Hapa ndipo mahali pekee ambapo mtu ananikuta nimekaa na udongo asiniulize kwa nini nimekaa."

Maneno hayo yaliniuma kuliko nilivyotarajia. Mimi nikifukuzwa pale ningepoteza meza. Yeye angepoteza mikono yake.

Mwalimu Luhende ndiye aliyekumbuka kamera. Mgeni mmoja wa kanisa aliporudi kwao aliiacha stoo ndani ya sanduku, pamoja na kanda moja, betri moja na stendi iliyobakiwa na miguu miwili. Ilikuwa ya kubeba begani, kubwa kama kreti ya soda. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kijerumani. Mwalimu alikisoma kwa kufuata michoro, akabonyeza kila kitufe hadi taa nyekundu ikawaka, kisha akaniita.

"Minza, mkono wako umekataa," alisema. "Tujaribu jicho."

Mpango wake ulikuwa rahisi. Niwarekodi wenzangu wakihojiwa kwenye kona zao, waeleze wanafanya nini na kwa nini, halafu bodi ionyeshwe kwenye televisheni. Wajumbe wangeweza kukataa kutembea karakana kwenye vumbi, lakini hakuna mtu Bariadi aliyekataa kutazama video. Somo langu la kwanza na la mwisho la upigaji picha lilikuwa hivi: Mwalimu aliniwekea kamera begani, akanigeuza nitazame mti, akasema, "Usimkimbilie mtu. Acha aje." Halafu akaenda kuchaji betri zahanati, ambako kulikuwa na jenereta.

Habari zilienea kwamba Minza atakuja na video. Sasa elewa jinsi tulivyolelewa. Mgeni akija, jembe linawekwa chini. Unafagia, unatoa kigoda, unanawa mikono, unakaa naye. Mtu anayeendelea na kazi yake wakati mgeni amekaa hapo ni mtu aliyekosa mama. Na kuhusu picha tulijua jambo moja tu, kwamba mtu huvaa vizuri, husimama wima na hutazama mbele.

Niliingia kwa Jilala. Sikuitambua kona. Magogo yametolewa nje, vumbi la mbao limezolewa, sakafu imenyunyizwa maji na kufagiwa hadi mistari ya ufagio inaonekana. Katikati alikaa Jilala amevaa koti zito la mtumba, rangi ya kahawia, lililoshonwa kwa ajili ya nchi yenye theluji. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kidevu. Nilibonyeza kitufe.

"Mwangaluka, Minza," alinisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Hapo ndipo tulipaswa kuanza mahojiano, lakini nani anaanza mazungumzo na salamu ikiwa nusu? Aliniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia nzuri. Akaniuliza habari za baba, za mama, za mvua upande wetu, za ng'ombe, za yule ndama aliyekuwa anaumwa. Nami nikamuuliza za Kalemela, zote, na ziwa limeamkaje. Kanda ilikuwa inazunguka. Tulipomaliza nikamuuliza anafanya nini pale. Akatazama mbele akasema, "Nachonga." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ni kazi nzuri." Kisha akashukuru uongozi wa chuo.

Kwa Doto ilikuwa vivyo hivyo. Makopo ya rangi yamefichwa, mabango yamegeuzwa yatazame ukuta, na Doto amekaa ndani ya koti lile lile la kahawia, bado lina unyevu wa Jilala mgongoni. Kabula hakuazima koti. Alivaa gauni la kwaya, akapiga goti kunisalimia, mimi ambaye asubuhi ile ile alikuwa ameniita mzembe. Vyungu vyake vyote vilikuwa chini ya turubai. Alipomaliza kusalimia alitazama kamera kwa hofu, na nilipomuuliza udongo unapatikana wapi alisema, "Chini."

Nilitoka nikiwa na furaha sana. Picha ilikuwa imetulia, watu wamependeza. Mnacheka, lakini nanyi mmeshaniletea picha za namna hiyo kutoka vijijini, zahanati yenye pazia jipya na muuguzi aliyekaa kama anaapishwa, na mkaniambia zimetoka vizuri.

Mkuu alikuwa na televisheni na deki ofisini. Tuliazima jenereta ya zahanati, na tulipokwenda kujaribu kanda tulimkuta na yule mnunuzi wa pamba, mtu mchangamfu mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyekuja kuulizia jibu. Mkuu akamkaribisha atazame nasi. Alitazama Jilala akisalimia. Alitazama Doto akisalimia. Hakuwatazama wao hasa, aliangalia pembeni yao, chini na juu.

"Pakavu," alisema. "Pasafi. Hewa inapita. Mkuu, marobota yangu yatalala hapa kama watoto."

"Si unaona mwenyewe," Mkuu akasema. "Patupu kabisa."

Mwalimu Luhende alitoa bisibisi mfukoni, akaitazama, akairudisha. Tulipotoka nje nilikuwa nimeanza kulia. Tulikuwa tumemtengenezea adui tangazo la biashara.

"Turudie," Mwalimu alisema. "Kanda ni hiyo hiyo. Rekodi juu yake kuanzia mwanzo. Na salamu maliza kabla ya kuwasha."

Niliwazungukia wenzangu wote nikawaambia msifagie. Jilala alishangaa. Doto alicheka. Kabula alikasirika kabisa.

"Nikupokee kwenye tope? Na hiyo video ikaonwe na wazee wa kwetu? Mama akisikia!"

"Sitaki unipokee. Nataka ufanye kazi."

"Nifanye kazi wewe umesimama?"

Wakajaribu, kwa ajili yangu. Jilala aliinua tezo lake la kuchongea juu ya gogo akabaki hivyo, mkono hewani, akitabasamu, akingoja nipige. Nikamwambia hii si picha ya kitambulisho, shusha. Akashusha polepole, akainua tena. Doto aliweka brashi kwenye herufi akaiacha hapo hadi rangi ikachuruzika. Wakati huo betri ilikuwa inaisha na siku zinaisha.

Nikaenda kwa Kabula nikiwa nimechoka na hasira zimenijaa. Tulisalimiana, nikamaliza salamu zote, nikarudisha kanda mwanzo, nikawasha. Alikaa mikono magotini. Lakini niliona macho yake hayako kwangu, yalikuwa nyuma yangu. Nyuma yangu kulikuwa na rundo la udongo alilokuwa ameloweka, nalo lilikuwa limeanza kupasuka juu kwa joto la bati. Lilitakiwa kukandwa muda ule. Aliliangalia kama mtu anayesikia mtoto analia chumba cha pili huku mgeni anasimulia habari za safari.

Sikuwa na hekima yoyote, niwaambie ukweli. Bega lilikuwa linauma. Niliiweka kamera juu ya matofali mawili, ikiwa inawaka, nikakaa chini kwenye tope na gauni langu, nikavuta ule udongo.

"Haya, nitakukandia mimi. Kaa hapo uwe mwenyeji."

Nikakanda. Kabula alivumilia kidogo sana.

"Wewe Minza! Unakanda udongo au unasonga ugali?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Yaya, siyo! Lete huku. Unaingiza hewa, kitapasuka kwenye moto, utalia wewe au nitalia mimi?"

Akakunja mikono ya blauzi, akaupiga ule udongo chini, akaanza. Na mikono ilipoanza, mdomo nao ukafunguka. Alinieleza bila kuulizwa kwamba udongo mweusi wa mbugani hautoshi peke yake, unataka vigae. Vyungu vya zamani vilivyovunjika unavitwanga, unavichekecha, unavichanganya na udongo mpya, ndipo chungu kinavumilia moto. Alikuwa na vigae vya chungu cha bibi yake aliyemfundisha. Alikuwa anavitia kidogo kidogo katika kila chungu ili visiishe. "Kwa hiyo hiki nacho ni cha bibi," alisema, akinipokonya bonge lingine nililoharibu. "Na hicho. Vyote hivi ni vya bibi. Ongeza maji, usikae kama mjumbe wa bodi."

Taa nyekundu ilikuwa inawaka muda wote. Alikuwa ameshaisahau. Mtu aliyekaa naye kwenye tope, analalamikiwa, hakuwa mgeni tena.

Nilikimbilia kwa Jilala, nikaweka kamera juu ya kigoda, nikamshikia gogo. Lilinirusha mara mbili, akacheka hadi tezo likamponyoka, akaanza kunieleza jinsi mjomba wake alivyomfundisha kugonga mti na kusikiliza kama una ufa ndani. Kwa Doto nilipewa brashi nijaze herufi za bango la bucha. Nilitoka nje ya mstari, ng'ombe wa bucha akapata doa la kijani.

"Mwenye bucha atadhani nyama yake imeoza," Doto alisema, akipangusa. Kisha, bila kuniangalia, akaongeza, "Mimi nitachora popote, Minza. Lakini Kabula hawezi kuchoma vyungu barabarani. Wangelijua hilo tu, ningewachorea bango la bure."

Filamu hiyo, kitaalamu, ilikuwa mbovu. Kichwa cha Jilala hakikuonekana kwa muda mrefu. Mgongo wangu uliziba nusu ya Doto. Kuku alipita. Lakini tangu siku ile, kwenye harusi, kwenye mavuno, kwenye mikutano, sijawahi kumhoji mtu nikiwa nimekaa bure. Nimekoboa karanga, nimeshika ng'ombe pembe, nimekunja nguo za wagonjwa. Mnaoniita Mama Vumbi nyuma ya mgongo wangu, ndiyo sababu.

Jumamosi ilifika. Televisheni ililetwa bwaloni, jenereta ikanguruma nje. Wajumbe wa bodi walikaa mbele, Mzee Machibya katikati na kofia yake gotini, mnunuzi wa pamba pembeni kama mwalikwa. Wanafunzi tulijaa madirishani. Mwalimu alinitaka mimi niwe ndani, karibu na deki.

Mwanzoni alionekana Kabula mikono magotini, kisha mimi nikikaa kwenye tope. Wajumbe wakacheka. Mjumbe mmoja mama wa makamo akasema, "Huyo hajui gete, hajui kabisa!" na alipomwona Kabula akinipokonya udongo akapiga makofi. Nikaanza kupumua. Ndipo Mzee Machibya akainua mkono.

"Simamisha."

Mkuu alisimamisha haraka kuliko ilivyohitajika.

"Huyu binti," Mzee alisema, "ameingia kwa mwenzake, amekaa chini, amechukua udongo wa mwenzake. Salamu iko wapi?"

Kila mjumbe, naona, alikumbuka kwamba ni kweli.

"Nauliza. Ndiyo sanaa hiyo? Kufundisha watoto kuingia kwa watu kama mbuzi?"

Nilipiga goti. "Baba, tulisalimiana. Ila kanda ni fupi, nilisalimia kabla ya kuwasha."

"Yaani salamu ndiyo mliyoona ya kukata?"

Dirishani niliona uso wa Kabula umeganda. Mkuu akasema labda tuendelee na ajenda. Mwalimu Luhende akasimama, jambo ambalo hakulipenda, akasema, "Mzee, naomba imalizike. Kisha mseme mtakavyo."

Ikaendelea. Hakuna aliyecheka tena. Jilala akachonga, Doto akasema maneno yake kuhusu barabara na vyungu, na Mzee hakutikisika. Doto alipomaliza, skrini ikajaa chengachenga. Nikanyoosha mkono kuzima. Kabla sijafika, picha ikarudi.

Nilikuwa nimesahau. Filamu ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, na mkia wa ile ya zamani ulikuwa bado umebaki kwenye kanda. Hapo alikuwa Doto ndani ya koti la theluji, akiniuliza habari za baba, za mama, za mvua. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikashika kitufe.

"Acha," alisema Mzee Machibya.

Akaja Kabula na gauni la kwaya. Akapiga goti. "Mwangaluka," akasema kwenye televisheni, akiitazama kamera moja kwa moja. Na wazee wote wa bodi, bila kufikiri, wakaitikia kwa sauti moja, "Mwangaluka!" Kisha wakatazamana. Yule mama akaangua kicheko hadi akafuta macho kwa kanga. Kabula wa kwenye video aliendelea kuuliza habari za ng'ombe, na mjumbe mmoja alimjibu kwamba hawajambo.

Mzee Machibya peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama mbele.

"Hapo ni wapi?"

"Ni pale pale, baba. Kona ya Kabula."

"Mbona hapana udongo? Mbona hapana vyungu?"

"Alivificha, baba. Alifagia."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anapokea mgeni."

"Mgeni nani?"

"Mimi, baba. Na kamera."

Aliigeuza kofia yake gotini, akaigeuza tena. "Mimi nilipokuja kukagua," alisema polepole, "nilikuta hivyo hivyo. Pamefagiwa, wamekaa, wamenawa mikono. Nikasema hawa watoto kutwa nzima hawafanyi kitu." Akamgeukia Mwalimu. "Gashi, kumbe walikuwa wananipokea!"

"Walianza kufagia tangu alfajiri, Mzee," Mwalimu alisema.

Hapo ndipo alipocheka, kwa ile sauti ya kutosha ng'ombe wote, na jenereta ikasikika ndogo. Kisha akasimama ghafla akavaa kofia.

"Twendeni. Sasa hivi, kabla hawajaokota fagio."

Kichwa kimoja kikatoweka dirishani, halafu vyote. Nilipita mlango wa nyuma nikakimbia. Karakana ilikuwa vurugu. Jilala ameshashika ufagio, Doto anatafuta koti, kila mtu anazoa, na hata mimi, baada ya yote yale, mikono iliniwasha kutafuta ndoo ya kunyunyizia maji. Wazee wanakuja! Utawapokeaje wazee kwenye tope?

"Msifagie!" nilipiga kelele. "Jamani, msifagie!"

Kabula alimnyang'anya Jilala ufagio. Nilidhani anafagia yeye. Aliuweka chini, akaukalia. Akavuta udongo, akanionyesha kwa kidevu mahali pa kukaa.

"Kaa, Minza. Kandeni, chongeni, kila mtu kwake."

"Wakiingia tusisimame?" Jilala aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeambiwa aibe.

"Tusisimame."

Wakaingia. Mzee Machibya mbele, Mkuu, mnunuzi wa pamba na kalamu zake, bodi nzima. Hakuna aliyeinuka. Tezo la Jilala liligonga, likagonga tena. Kabula alikuwa anakanda, mikono imezama kwenye udongo, kichwa chini, hakusalimia. Binti wa Shishiyu amekaa mbele ya mzee wa Shishiyu na hakusalimia. Sijawahi kuogopa vile, si mbele ya kamera wala nyuma yake.

Mzee alisimama mlangoni pa kona ile. Alitazama vyungu vibichi vilivyopangwa, vigae kwenye ungo, maji ya tope yakitiririka kuelekea viatu vyake. Alitazama mikono ya Kabula kwa muda mrefu. Kisha akavua kofia, akasalimia yeye kwanza.

"Poleni na kazi, wanangu."

"Asante, baba," tuliitikia.

Mnunuzi wa pamba akaanza kusema kwamba upande ule wa tanuri ungefaa kwa marobota. Mzee hakumgeukia.

"Mkuu," alisema, "pamba kaiwekeni bwaloni. Watoto watakula nje, jua halijaua mtu. Hapa pana watu kazini."

Kabula hakuinua kichwa. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye udongo na hakuwa na mkono safi wa kuyafuta. Alinisukuma kwa bega, akaniambia nisikae bure, nilete maji.